Baraka za Duka la Kijiji

Wale walionisimamisha njiani wiki hii kuniuliza kama Wankyo aliolewa na shemeji yake, jibu langu ni hili: bado. Na wewe uliyeniambia kwamba namtesa mno mwanamke huyu, ujue mimi nasimulia tu. Waliomtesa wapo, na leo utawaona.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita alifungia maandazi, nitamkumbusha kwa ufupi. Wankyo na mumewe Mwikwabe walihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Nyamuswa. Nyumba haijaezekwa sawasawa, homa ikamshika Mwikwabe, ikammaliza. Shemeji mtu, Silasi, akataka kumrithi mjane. Wankyo akakataa katakata. Mama mkwe wake, Wegesa, akasimama upande wake na kuwaambia wazee wa ukoo: "Mwanamke anayejilisha na kunilisha mimi, nani atamlazimisha? Siku akishindwa, ndiyo mrudi."

Wazee wakakubali. Tukamwacha Wankyo akikabidhiwa funguo za duka jipya la ushirika wa kijiji, mwaka ule wa sabini na sita maduka ya watu binafsi yalipofungwa. Kwa hiyo shika hili moja: funguo zile ndizo zilizosimama kati ya Wankyo na nyumba ya Silasi. Akizipoteza, hana tena pa kujitetea.

Sasa twende.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha bati, na kaunta ya mbao iliyokuwa mlango wa nyumba ya mtu kabla ya operesheni ya kuhamisha watu. Chumvi ilikuwepo, viberiti vilikuwepo, mafuta ya taa yalikuwa kwenye pipa. Sukari ilikuja siku ilipojisikia. Lakini watu walitoka mbali kuja pale, wakapita maduka mengine mawili ya ushirika njiani, na waliyemfuata ni Wankyo.

Mama yake, kule Suguti, alikuwa mke wa katekista. Katika nyumba ile hakuna mgeni aliyetoka bila kusindikizwa kwa jina la Mungu, hata kama alikuja kuomba moto tu. Wankyo aliyahamishia malezi hayo kwenye kaunta. Ukinunua chumvi: "Mungu akuongezee mezani, mama." Ukinunua jembe: "Bwana abariki mikono yako, baba." Wazee wasiokanyaga kanisani aliwaambia "Mungu wa baba zako akulinde," nao wakaondoka wakitabasamu mpaka mapengo yakaonekana. Hata aliyekosa sukari aliambiwa, "Pole, baba, Mungu atatukumbuka," akaondoka mikono mitupu bila kununa.

Wala hakuwa anajifanya. Wala hakudhani kwamba maneno yake yana nguvu. Mwikwabe alipokuwa kitandani, kila kijiko cha uji alikifuatisha na "Mungu akuponye", na Mwikwabe hakupona. Kama kuna mtu kijijini pale aliyejua maneno yale yanaishia wapi, ni yeye. Kwake ilikuwa adabu, kama kumpa mtu kitu kwa mikono miwili.

Balaa lilianza kwa ndama.

Mzee mmoja mfugaji alipotelewa na ndama. Akaja dukani kununua tumbaku, amekunja uso. Wankyo akampa tumbaku yake, akamwambia, "Mungu atakurudishia, baba." Mzee anafika nyumbani, ndama huyo hapo, kasimama kwenye mihogo ya mke wake, anatafuna. Sasa mimi ningesema ndama alifuata mihogo. Mzee hakusema hivyo. Alikwenda kilabuni akawaambia wenzake, "Yule mke wa Mwikwabe ana mdomo. Akitamka jambo, linakuwa."

Haikupita muda, mwanamke mmoja mjamzito akanunua sabuni, akaambiwa "Mungu akufungue salama", na kabla mkunga hajafika mtoto alishatoka, analia. Basi. Kijiji kizima kikawa na habari moja.

Watu wakaanza kununua viberiti kimoja kimoja. Mtu ana viberiti vya kuwashia moto mpaka Krismasi, anapanga foleni anunue kingine. Anayekwenda mnadani anapitia dukani kwanza. Anayekwenda kwenye kesi anapitia dukani. Na kijiji kile kilikuwa na kawaida yake ya tangu zamani: safari ikianza vibaya, hulazimishi, unarudi nyumbani unaanza siku nyingine. Ikafika mahali ambapo safari bila neno la Wankyo ilihesabiwa kuwa imeanza vibaya.

Wankyo alijaribu kuwaeleza.

"Baba, mimi nauza duka tu," alimwambia yule mzee wa ndama. "Mungu ndiye anajua."

"Ndiyo, mwanangu," mzee akamjibu kwa furaha. "Hilo hilo sema. Hilo hilo."

Jioni, wakichambua mboga, Wegesa alimgeukia mkwewe.

"Unaona wanavyokupenda?"

"Naona, mama."

"Mimi sipendi. Watu wakikuwekaga juu hivyo, siku mambo yao yakiharibika wanakuja kukuuliza wewe."

"Sasa niwe nanyamaza, mama? Mtu anatoka dukani namtazama tu, hata kumuaga simuagi?"

Wegesa aliendelea kuchambua mboga, lakini uso wake haukurudi kama kawaida jioni ile.

Mwezi ule akaja Bwana Biashara kutoka Musoma kukagua duka. Mtu wa suruali ya kaki na kalamu mfukoni. Akakagua, akaridhika, akanunua sigara. Wankyo akampa kwa mikono miwili.

"Mungu akufikishe salama kwa watoto, baba."

Bwana Biashara akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka kwa sauti. Akamgeukia mzee Ngolo, mwenyekiti wa kamati ya duka.

"Ndugu Mwenyekiti, hili ni duka au parokia?"

Waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka. Ngolo peke yake hakucheka.

Ngolo hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Duka lile ndiye aliyelihangaikia, kwa miguu yake, mpaka likaletwa. Ila alikuwa mtu anayeogopa kuchekwa, na mtu wa namna hiyo akipewa cheo ana hatari yake. Gari la mgeni lilipoondoka tu, alirudi ndani.

"Wankyo. Kuanzia kesho ni 'karibu ndugu' na 'asante ndugu'. Basi."

"Na mtu akija ana msiba, mzee?"

"Karibu ndugu, asante ndugu."

"Akiwa na mgonjwa?"

"Hili ni duka la umma. Kuna Wakatoliki, kuna Wasabato, kuna wazee na mambo yao. Mungu kila mtu anaye nyumbani kwake. Wewe uza."

"Mzee, hata kumtakia mtu safari njema?"

"Nikisikia tena, nachukua funguo nampa mwingine. Wanaoziomba ni wengi."

Nje ya duka kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwepo Silasi, kama siku zote. Shemeji huyu hakuwa na shamba linalomwita wala ng'ombe wanaomsumbua. Alisikia kila neno. Akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Kesho yake Ngolo alileta kiti chake, akakaa ndani ya duka, karibu na magunia.

"Karibu, ndugu," Wankyo akasema kwa mteja wa kwanza. Mteja akageuka kutazama nyuma yake, akidhani ameingia mtu mwingine.

"Asante, ndugu," akasema kwa wa pili. Wa pili akamuuliza kama anaumwa.

Wa tatu alikuwa Selestina.

Huyu lazima nikueleze. Selestina ni mama wa watoto wawili, Clementi na mdogo wake Miriamu. Mume wake alikuwa kibarua mjini Musoma, anarudi kwa nadra. Mwikwabe alipokuwa taabani, Selestina ndiye aliyekata nyasi na Wankyo, wakaezeka pamoja upande wa nyumba uliobaki wazi. Wengine walileta pole, yeye alileta nyasi. Ndiyo maana Wankyo alimpenda.

Siku hiyo alikuja na Clementi mgongoni, amemfunga kwa kanga, na furushi kichwani.

"Karibu, ndugu."

Selestina akacheka kidogo. "Ndugu tena? Nipe kiberiti, dada."

Wankyo akampa kiberiti. Macho yake yakaenda kwa mtoto. Clementi alikuwa na macho mekundu, pua inatiririka, kichwa kimelegea begani kwa mama yake. Neno likampanda Wankyo mpaka mdomoni. Ngolo akakohoa.

"Asante, ndugu."

Selestina hakuondoka. Alisimama, mkono juu ya kaunta, kama mtu anayesubiri chenji.

"Hujamaliza," akasema taratibu.

"Nimemaliza, ndugu."

"Dada, mbona hivyo? Nimekukosea?"

Wankyo alitazama mbao za kaunta. Angeweza kumwambia, "Nimekatazwa." Maneno mawili tu. Lakini Ngolo alikuwa pale pale, Silasi alikuwa mlangoni, naye akazishika funguo pindoni mwa kanga yake.

"Mwingine!" Ngolo akaita. "Foleni isogee!"

Selestina akatoka. Kupitia dirishani Wankyo alimwona amesimama barabarani, uso ameuelekeza upande wa Bunda. Alisimama hivyo kwa muda. Kisha akageuka, akarudi alikotoka. Wankyo alidhani amesahau kitu nyumbani.

Kabla wiki haijaisha, Clementi alikufa. Surua ilikuwa imeingia kijijini.

Wankyo alifunga duka, akachota unga wake wa nyumbani, akauweka kwenye kikapu, akaenda msibani. Wanawake walikuwa wamezunguka mafiga. Alipofika, mazungumzo yakakatika. Hakuna aliyenyanyuka kumpokea kikapu. Alisimama nacho mpaka aibu ikamzidi, akakiweka chini mwenyewe.

"Ndama wa mtu ulimtolea neno," mama mmoja akasema bila kumtazama. "Mtoto wa mwenzio ukamnyima."

"Mama, nilikatazwa."

"Na nani? Na Mungu?"

Wankyo akaingia ndani. Selestina alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, Miriamu amelala mapajani. Hakuwa analia. Alimtazama Wankyo tu, akamtazama, wala hakumtukana. Heri angemtukana.

"Pole, mama Clementi," Wankyo akasema, akaishia hapo. Yeye, ambaye kwa pole moja alikuwa na baraka saba, aliishia hapo, kwa sababu alianza kuogopa mdomo wake mwenyewe.

Alilia njiani akirudi. Alilia kwa sauti, katikati ya mashamba ya pamba, na wapalilizi wakasimamisha majembe wakamtazama apite. Alimlilia Clementi, akamlilia Mwikwabe upya. Nasema wazi kwamba na mimi aliponisimulia hapa nilishindwa kuandika, nikaweka kalamu chini.

Baada ya mazishi watu waliendelea kuja dukani, maana chumvi ni chumvi. Ila walikuja kimya. Walinyoosha kidole, wakachukua, wakaondoka. Wengine walivuta watoto wao nyuma ya sketi wakipita mbele yake. Ngolo aliona, akajifanya haoni.

Silasi ndiye aliyesema.

"Kijiji kimekuchoka, mke wa kaka. Kwangu kuna nafasi."

"Nina kazi, shemeji."

"Leo unayo."

Sasa ikaja siku ya lori.

Lori lilileta bidhaa kutoka Musoma, na siku hiyo lilileta sukari. Kijiji kizima kilikuwa dukani na vikapu. Dereva alikuwa Rafaeli, kijana wa Makoko, mtu wa haraka, ambaye hata kula alikula amesimama. Vijana walikuwa wanashusha magunia, Wankyo yuko nyuma ya kaunta anapokea, Ngolo yuko kwenye kiti chake. Ghafla foleni ikafunguka katikati, watu wakajitenga huku na huku.

Selestina alikuwa anakuja. Mikononi alimbeba Miriamu. Uso wa mtoto ulikuwa umejaa vipele mpaka kwenye kope.

Akafika kwenye kaunta.

"Huyu naye," akasema. "Vile vile."

Wankyo alizunguka kaunta mbio, akamgusa mtoto shingoni. Alikuwa anawaka. Anahema juu juu.

"Rafaeli! Unarudi kupitia Bunda?"

"Nikishusha gunia hili la mwisho natoka. Wingu hilo linakuja, mvua ikinikuta huku nalala huku."

"Mchukue huyu mama, mpeleke zahanati."

"Apande mbele."

"Umesikia, mama Clementi? Panda. Panda sasa hivi."

Selestina hakusogea.

"Sipandi."

"Kwa nini?"

"Nipe neno lile kwanza."

Ngolo akasimama kutoka kwenye kiti.

"Mama Clementi, huyu mtoto anataka sindano, hataki neno. Panda gari."

"Nisikilize, Wankyo." Sauti ya Selestina haikupanda wala kushuka. "Siku ile na Clementi nilikuwa naenda Bunda. Furushi nilikuwa nalo kichwani, hukuona? Nilipita hapa nichukue neno lako ndiyo nianze njia. Ukaninyima. Nikasimama pale barabarani nikasema, huyu mwanamke hajawahi kumnyima mtu, hata yule mlevi wa kilabuni anampaga. Kama kwangu amenyamaza, basi kuna kitu ameona. Nikarudi. Mtoto akafia nyumbani."

Wankyo alishika kaunta. Siku zote zile alijiambia kwamba watu wanamsingizia, kwamba neno haliui wala haliponyi, kwamba Clementi alikufa kwa surua. Na kweli alikufa kwa surua. Lakini alikuwa njiani kwenda kwa daktari, na aliyemrudisha ni yeye.

"Ningekuambia," akasema. "Ningekuambia nimekatazwa. Niliogopa."

"Yamepita. Nipe la huyu."

"Mdomo wangu hauna kitu, mama Clementi! Ungekuwa na kitu, Mwikwabe angekuwa hai. Nilimwambia Mungu akuponye mpaka koo likakauka. Ulikuwepo, ulisikia mwenyewe! Panda gari, nakuomba."

"Sipandi."

Nje, Rafaeli akapiga honi. "Jamani! Naondoka mimi!"

"Wankyo," Ngolo akasema. "Tulikubaliana nini?"

Na pale mlangoni Silasi alinyanyuka kutoka kwenye benchi, akapangusa suruali yake nyuma, kama mtu ambaye zamu yake imekaribia kuitwa.

Jiweke hapo, msomaji. Akisema, funguo zinakwenda, na yeye mwenyewe anakwenda kwa Silasi. Akisema na mtoto akafa, basi mdomo wake ndio uliomuua, na hakuna atakayemtetea. Asiposema, mama hapandi gari, na mtoto huyu hafiki jioni. Na neno lenyewe analijua: ni adabu tu, halina dawa ndani yake.

Honi ikapigwa tena.

Wankyo alichukua mkono wa Miriamu, ule mkono wa moto, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Mungu akutangulie, Miriamu mwanangu," akasema, na akasema kwa sauti mpaka waliokuwa nje wakasikia. "Akushike kwenye gari, akushike kwa daktari, akurudishe kwa mama yako ukiwa unacheka. Na wewe, mama Clementi, Mungu akufute machozi niliyokutoa mimi. Nenda. Njia yako iwe nyeupe."

"Amina," mtu mmoja akasema. Halafu wakasema wengi. Hata yule mzee wa ndama, ambaye kanisa analijua kwa nje tu, alisema amina.

Selestina akaanza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana analia tangu amzike Clementi. Alilia huku anakimbia kwenda kwenye lori, watu wakampandisha, mlango ukafungwa, lori likaondoka na vumbi lake.

Vumbi lilipotulia, mkono wa Ngolo ulikuwa umenyooshwa.

"Funguo."

Wankyo akamtazama.

"Ungeniomba ruhusa," Ngolo akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. "Mbele ya watu wote hawa, Wankyo. Ungeniomba, ningejua la kufanya."

"Mtoto anakufa, nikae nakuomba ruhusa, mzee?"

Ngolo hakuurudisha mkono. Wankyo akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja kile. Watu walianza kunung'unika, wengine kwa ajili ya Wankyo, wengine kwa ajili ya sukari, maana Ngolo alifunga duka pale pale. Kisha, mmoja mmoja, wakakaa chini. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Wankyo alikaa juu ya kreti tupu, pembeni ya mlango. Habari zilimfikia Wegesa, akaja na mkongojo wake, akakaa karibu naye chini. Hakumlaumu. Alimshika goti tu.

Silasi alikuja akasimama mbele yao.

"Mama, ulisema mwenyewe siku akishindwa turudi. Ameshindwa. Wote wameona."

"Sijasahau nilichosema," Wegesa akajibu.

"Basi jioni nakuja na wazee. Afunge vitu vyake."

"Wewe Silasi," bibi yule akasema, "mtu akianguka, wewe unaonaga chakula tu."

Lakini hakusema hapana. Wankyo alisikia kwamba hakusema hapana. Ahadi ilikuwa ahadi, na Wegesa hakuwa mtu wa kumeza alichowaambia wazee. Moyo wa Wankyo uliumia, ukaumia kimya, kwa sababu masikio yake yalikuwa barabarani. Alikuwa analifuata lori lile kwa akili: sasa limepita mto, sasa linapanda, sasa labda wanayaona mabati ya Bunda. Kama Miriamu atafika, alijiambia, hayo ya Silasi nitayabeba.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika, lakini mvua haikunyesha.

Ndipo waliposikia injini.

"Gari," mtu akasema.

"Labda la mishenari."

Halikuwa la mishenari. Lilipotokea kwenye kona wote walilitambua, lori lile lile, na turubai lile lile lililochanika. Lilikuwa linakuja polepole. Rafaeli, ambaye hajawahi kuendesha polepole tangu alipojifunza, alikuwa anaendesha kama mtu aliyebeba mayai.

"Hilo halijafika Bunda," Silasi akasema. "Haliwezi kuwa limefika."

Kila mtu alijua kwamba haliwezi kuwa limefika.

Lori likasimama mbele ya duka. Rafaeli akazima injini, akashuka, hakumsalimia mtu, hakumtazama mtu. Akazunguka akafungua mlango wa upande wa pili.

Selestina akashuka. Miriamu alikuwa mikononi mwake, amefunikwa kanga mwili mzima, na uso pia. Sasa barabara ile ina vumbi, na kila mama anayesafiri na mtoto humfunika uso. Kwa hiyo kanga ile haikumwambia mtu chochote. Watu walisimama, wakatazama kama itatikisika, na upepo ukawa unaitikisa.

Ngolo alivua kofia, kisha akaivaa tena, hakujua la kufanya nayo.

Selestina alifika pale njia inapogawanyika. Ya kushoto inakwenda nyumbani kwake. Hakuifuata. Alikuja moja kwa moja, macho yake kwa Wankyo, na usoni mwake hakukuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukisoma.

Wankyo alinyanyuka kwenye kreti kumpokea. Kuna "karibu" na kuna "pole", na hakujua aseme lipi. Alichoambiwa, na kilicholirudisha lori njiani, ni cha wiki ijayo.